Jirani Asiyekuwepo

Nguzo ya zege juu ya mwamba mweusi wa Aisilandi,
kofia nyeupe kichwani, waya unashuka hadi kwenye sanduku:
hiyo ndiyo kazi ya Hallbera Oddgeirsdóttir,
zamani tarishi wa posta, leo mwenye ufunguo na ufagio.
Malipo kiduchu. Anasema analipwa atembee.

Nguzo haifanyi lolote. Inasimama.
Walioijenga waliipima wiki mbili, usiku na mchana,
wakajua ilipo kwa upana wa ukucha,
wakaiachia neno moja: hapa.
Tangu hapo setilaiti zinapita juu, kila moja na saa yake,
na hesabu ya mawimbi yao inasema: uko kule,
mita mbili kaskazini.
Nguzo inaandika: hapana.
Hiyo hapana ndiyo mali yake yote.

Maana anga si kioo.
Jua likichafukwa, mawimbi hupindishwa;
mvuke huyachelewesha kama mgeni anayebisha hodi kila mlango,
na chembe ya sekunde ikidondoka njiani
huku chini mtu amehamishwa shamba zima.
Setilaiti haisemi uongo. Njia ndiyo inayoichongea.

Lakini nguzo moja ni shahidi mmoja.
Ukienda mbali nayo ukweli wake huchujuka,
majani ya chai yaliyomiminiwa maji mara ya tatu;
anga la hapa si anga la nyuma ya mlima.
Ndiyo maana ziko nyingi:
moja kwenye ukuta wa zizi la kondoo,
moja karibu na mnara wa taa,
moja nyuma ya bwawa la kuogelea, watoto huiita Bibi,
na kila sekunde hapana zao hukutana mjini.

Usiku wa Februari,
Thorlákur anasukuma theluji njia ya mlimani.
Haoni hata pua ya lori lake.
Kushoto vyuma vya kingo. Kulia hakuna kitu, kwa kina kirefu.
Nguzo ya karibu iko kilomita thelathini.
Basi kompyuta inawauliza walio pande zake:
kosa la anga likoje kwenu? Na kwenu?
Kwa majibu yao inakisia kosa la pale pale alipo,
inamsimamishia ubavuni kituo
kisicho na zege, kisicho na kofia,
kisichowahi kupigwa na upepo hata mmoja,
jirani asiyekuwepo,
anayemwambia: sentimita nne kulia, Thorlákur.
Hapo. Basi.

Saa tisa usiku simu ya Hallbera inalia.
Kijana wa mjini, sauti ya mtu aliyekunywa kahawa mno:
“Nguzo yako inadai imerefuka sentimita sita tangu jioni.
Wenzake wamekataa. Tumeiweka pembeni.”
“Barafu,” anasema Hallbera, mguu tayari kwenye kiatu.

Penye wengi hapaharibiki neno,
na mmoja wao akiharibika,
wengine hulibeba neno hadi mtu aje na ufagio.

Anaipangusa kofia polepole,
kama anayemfuta mtoto uji shavuni.
“Usijivune,” anaiambia. “Hata wewe hutulii.”
Nchi hii inapasuka katikati,
upande mmoja unakwenda machweo, mwingine macheo,
taratibu, mwendo wa kucha zinazoota,
na nguzo inayosema hapa
inabebwa pamoja na hapa yake,
hadi wenzake waisahihishe.
“Nilikuwa na mume wa namna yako,” anasema,
anafunga sanduku, anajaribu kufuli mara mbili.

Asubuhi, kwenye kituo cha mafuta,
Thorlákur anajisifu mbele ya wenye malori:
njia ile naijua kwa moyo, hata mkinifunga macho.
Hallbera anakoroga sukari, hasemi kitu.
Mlangoni ufagio wake umeegemea ukuta,
unadondosha maji.